Mkaidi Hupanda Kinyumenyume

Ukumbi wa chini wa jengo la maduka ulikuwa umefurika. Watu walikuja kununua simu, kutazama wanaonunua simu, na kupigwa na kiyoyozi bure. Karibu na ngazi za umeme, kampuni moja ndogo ya michezo ya kompyuta ilikuwa imepanga mashine zake za majaribio: kiti, skrini, usukani na pedali. Mchezo wenyewe ulikuwa wa malori, na si malori ya lami. Unapewa mzigo, unaonyeshwa mlima wa tope, halafu unaachwa wewe na Mungu wako.

Foleni ndefu kuliko zote ilikuwa kwenye lori lililoitwa Mkaidi. Si kwamba lilipendwa. Kila aliyekaa pale aliaibika, na binadamu hakuna anachopenda kama kumtazama mwenzake akiaibika.

Aliyekuwa na zamu ya kuaibika wakati huo ni kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, usoni miwani yenye fremu nyekundu. Aliuza miwani katika duka la ghorofa ya pili, na wenzake hawakuhangaika kumtafutia jina lingine: walimwita Miwani. Alikuwa ameshuka kununua maji tu. Chupa ilikuwa sakafuni, bado haijafunguliwa.

"Aliyeunda lori hili," alisema bila kugeuza shingo, "ana kinyongo na mtu."

"Labda ana kinyongo na madereva wabovu," sauti ya kike ilimjibu kutoka pembeni.

"Mimi si dereva mbovu, dada. Nikikanyaga mafuta linazama. Nikiachia linarudi nyuma. Nikifunga breki linakwenda kushoto. Nikikata kulia mpaka mwisho, honi inalia yenyewe. Hebu sikiliza. Hii honi si inanicheka?"

"Inakucheka."

Watu wakacheka pia. Miwani akaondoa mikono kwenye usukani, akalitazama lile tope la kwenye skrini kama anatazama mteja asiyejua anataka nini. Kisha akaligeuza lori, akaupa mlima mgongo.

"Amekata tamaa, anarudi kwao," mtu mmoja alisema kwenye foleni.

Hakuwa anarudi popote. Aliingiza gia ya nyuma, akakanyaga mafuta kidogo mno, na Mkaidi akaanza kupanda kinyumenyume, polepole, matope yakiruka pembeni, hadi akafika juu na mzigo wake wa mawe.

Yule dada wa pembeni alikuwa amevaa fulana ya bluu ya kampuni na suruali ya jinzi iliyopauka magotini, nywele amezibana kwa kalamu. Ofisini walimwita Gia, maana kazi yake ilikuwa kuyapangia magari ya mchezo tabia: uzito, tairi, gia, breki. Tangu Mkaidi awekwe pale ukumbini hakuna mtu aliyekuwa amegundua siri ya gia ya nyuma. Moyo wake ulimpiga, na hakupenda.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nimeusikia mlio. Gia ya nyuma inavuta kwa nguvu kuliko ya kwanza." Ndipo alipogeuka, akamtazama, akasahau alichotaka kusema, akakumbuka. "Kumbe lori ni lako."

"Nani kasema?"

"Uso wako. Nilipozama ulifurahi. Nilipopanda ulifurahi zaidi."

"Una leseni ya lori wewe?"

"Sina hata ya pikipiki. Wewe je?"

Gia alisita. "Sina."

"Basi tumekutana," Miwani alisema, na kwa namna alivyolisema, hata mtu wa nyuma kabisa kwenye foleni alielewa kwamba maji yale hayatafunguliwa leo.

*

Mapenzi yao yalikwenda mbio, kama yanavyokwenda ya watu wanaofanya kazi jengo moja na kukutana kwenye lifti kwa makusudi. Miwani alivaa fremu mpya kila wiki ili asifiwe, naye Gia alimnyima sifa ili aje na nyingine. Asubuhi, hata kabla ya kupiga mswaki, simu ilikuwa inalia.

"Umeamka, mpenzi?"

"Nisingeamka ningepokeaje?"

"Umekula?"

"Miwani, ni alfajiri. Nile nini?"

"Nauliza tu. Nikiacha kuuliza utasema nimepata mwingine."

"Ukipata mwingine nitajua. Utaanza kuvaa miwani ya jua ndani ya nyumba."

Ilikuwa ni wakati wa chakula cha mchana, wamekaa kwenye ngazi za dharura kwa sababu mkahawa ulikuwa na kelele, ndipo Gia alipomweleza habari za Mkaidi. Mama yake alikuwa dereva wa lori la mawe. Alibeba kutoka machimboni kwenda kwenye majengo yanayojengwa, mwanamke peke yake kati ya madereva wanaume, na mtoto wake hakuwa na mtu wa kumwachia, kwa hiyo alimpakia. Gia alikulia kwenye kiti cha abiria, miguu haifiki chini. Lile lori lilikuwa na mambo yake. Lisipokuwa na mzigo mkia wake uliteleza, likishiba mawe linatulia. Honi ililia yenyewe ikitaka. Na mlima wa machimboni mama aliupanda kinyumenyume, mbele ya wanaume waliokwama, akiwapungia mkono.

"Liko wapi sasa?"

"Liliuzwa, likakatwa chuma." Alifuta mikono kwenye jinzi. "Magari yote niliyounda kwenye ule mchezo niliyaunda ili fulani afurahi. Hili nimeliunda kama nilivyolijua. Likitoka vile lilivyo, nimefanya kitu maishani. Likiguswa, basi mimi ni mtu wa kupaka rangi tu."

"Mama ameliona?"

"Hapana. Na usiulize kwa nini."

Miwani hakuuliza. Alirudi dukani akiwa amejaa mapenzi hadi kooni, na mtu aliyejaa hivyo hutafuta pa kumwagia. Alikuwa na nakala ya majaribio ya mchezo ule nyumbani kwake, na ndani ya mchezo, pembeni ya skrini, kulikuwa na kitufe cha kuwapelekea taarifa waundaji. Mwanaume huyu, ambaye alisoma na kuhitimu na akaweza kukupima macho yote mawili bila kukosea, aliamini kwamba taarifa zile zinasomwa na mpenzi wake. Akaanza kubonyeza. Lori likivuta kushoto, anabonyeza: "Linavuta kushoto. Nimelipenda." Honi ikilia, anabonyeza: "Honi imelia yenyewe, nimekukumbuka." Jioni baada ya jioni alikaa pale, mkia ukiteleza anaandika, injini ikikohoa anaandika, akijua kabisa kwamba yule mtu mahali fulani anatabasamu.

Hakuna aliyetabasamu. Kitufe kile kilikuwa cha kasoro. Mtambo ulihesabu malalamiko, gari kwa gari, na maneno ya mapenzi ukayaacha yalivyo.

*

Jumatatu Gia aliwasha mashine yake, akamchukua Mkaidi mpaka kwenye mlima wa tope, na Mkaidi akapanda. Mbele. Kwa gia ya kwanza. Hakuteleza wala hakukohoa. Gia alipofunga breki lori likasimama limenyooka kama gari la harusi. Alikata usukani kulia mpaka mwisho, akangoja. Honi kimya.

Alikwenda ofisini kwa bosi bila kubisha hodi. Bosi alikuwa mtu wa suti na raba nyeupe, si mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumchukia.

"Nani amemgusa Mkaidi?"

"Mimi nimeagiza. Keti."

"Sikai."

"Malalamiko yote ya mwezi huu, zaidi ya nusu ni ya gari hilo moja. Mteja akikwama mara tatu anazima, Gia, na akizima harudi. Unataka nifanye nini?"

"Nani analalamika?"

Bosi aligeuza skrini. Lilikuwa jina moja, kutoka juu mpaka chini. "Huyu si rafiki yako wa miwani?"

Gia alitoka, akapanda ngazi za dharura hadi mahali walipozoea kukaa, akapiga simu.

"Mpenzi," Miwani alipokea, sauti tamu. "Nilikuwa nataka kukupigia."

"Umenishtaki."

"Nimefanya nini?"

"Kitufe. Kila ulichobonyeza kimeandikwa kasoro. Wameondoa vyote. Lori limekuwa zuri, Miwani. Linapanda mlima kama lifti. Hongera."

Upande wa pili mteja alisikika akiuliza bei ya kitu. "Nilikuwa nasifia," Miwani alisema taratibu. "Nilidhani unayesoma ni wewe."

"Inayosoma ni mashine."

"Ningejuaje?"

"Ungeniuliza. Unanipigia simu alfajiri kuniuliza kama nimekula, ukashindwa kuniuliza kitufe ni cha nini?"

"Gia, usiongee na mimi kama nimefanya kusudi."

"Sijali kama ni kusudi. Nilikuonyesha kitu kimoja. Kimoja tu. Usinipigie."

Akakata. Alilia kidogo, akajifuta kwa fulana ya kampuni, akashuka. Na kwa kuwa wote wawili vichwa vyao vilikuwa vigumu, hakuna aliyempigia mwenzake. Miwani alianza kupanda ngazi badala ya lifti. Gia naye akawa anapanda ngazi ili asikutane naye kwenye lifti, kwa hiyo wakakutana kwenye ngazi, wakapishana bila salamu, kila mmoja ukutani kwake, wakiumia sawasawa.

Lakini jioni ile ile ya Jumatatu, Miwani alipowasha kompyuta yake, ilimwomba ruhusa ya kuteremsha toleo jipya. Alilitazama lile ombi. Akainama chini ya meza, akang'oa waya wa intaneti ukutani.

*

Jumamosi mchana Gia alikuwa anarudi nyumbani kutoka saluni, nywele zimesukwa nusu kwa sababu alikuwa amegombana na msusi, aliposikia honi kupitia dirisha la sebuleni kwao. Honi hiyo aliijua. Aliitengeneza mwenyewe, kwa kukumbuka.

Aliingia. Mama yake, akiwa na gauni la nyumbani, alikuwa amekaa kwenye meza ya kulia chakula mbele ya kompyuta. Usukani ulikuwa umebanwa kwenye ukingo wa meza. Chini ya meza, amepiga magoti, fremu nyekundu zimemshuka hadi puani, alikuwa Miwani, ameshika pedali kwa mikono miwili.

"Shika vizuri, zinakimbia," mama alimwambia.

"Nimeshika, mama."

"Unafanya nini hapa?" Gia aliuliza, na hakujua anamuuliza nani.

Nyumba Miwani aliijua. Alikuwa amemfikisha Gia getini mara nyingi, na mara zote alikatazwa kuingia. "Nimemletea mama gari lake," alisema kutoka chini ya meza. "La zamani. Langu halijabadilishwa, niling'oa waya. Ukitaka nifukuze. Ila mimi siachii hizi pedali, mama hajafika juu."

"Mwache kijana wa watu," mama alisema. Alikuwa amekwishageuza lori, anapanda mlima kinyumenyume, shingo ameigeuza kutazama nyuma ya bega kama kwamba nyuma yake kuna kitu zaidi ya kabati la vyombo. "Wewe mtoto, umeliunda lori langu na hukuniambia?"

"Niliogopa utasema silo."

"Ndilo. Hii honi ilinitia aibu mpaka msibani. Na huu mkia ndio wenyewe." Lori lilifika juu. Mama akafunga breki, likavuta kushoto, naye akaguna. "Ila breki umekosea."

"Lilikuwa linavuta kushoto, mama. Nakumbuka."

"Halikuwa linavuta. Breki zake zilikuwa nzima kuliko za malori yote ya pale machimboni, nilizisimamia mwenyewe. Anayevuta nilikuwa mimi." Aliachia usukani mkono mmoja, akaunyoosha mkono wa kushoto pembeni yake, kiganja wazi, kwenye kiti kisichokuwa na mtu. "Upande wako hakukuwa na mkanda. Kila nikifunga breki nakuzuia usipige uso kwenye kioo. Usukani unabaki na mkono mmoja, mwili umekwenda kwako, na lori nalo linafuata."

Gia alivuta kiti akakaa. Alikuwa amepitisha miezi akiipima ile breki, anaongeza kidogo, anapunguza kidogo, mpaka likavuta vile vile alivyolikumbuka, na muda wote huo alikuwa akiupima mkono wa mama yake. Machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa.

"Unalia nini? Hukupiga kioo," mama alisema, lakini sauti yake haikuwa kavu. Kisha akainama kutazama chini ya meza. "Na wewe wa huko chini, unaitwa nani?"

"Miwani, mama."

"Nimeshaiona. Inuka, magoti yatakuuma. Mnagombana kwa sababu gani?"

Walitoka nje, wakasimama kwenye kibaraza karibu na ndoo za maji, kila mmoja anatazama viatu vyake.

"Ningekuuliza," Miwani alisema. "Ni kosa langu, na nimelijua tangu siku ile ile. Nilinuna kwa sababu uliniambia hongera."

"Ile hongera ilikuwa mbaya."

"Ilinikata maini."

Gia alitaka kuendelea kukasirika, akatafuta ile hasira alipoiacha, hakuiona. "Nilikukosa kwenye lifti," alisema.

"Mimi nilikukosa hata kwenye ngazi, na tulikuwa tunapishana." Alirekebisha fremu. "Chukua nakala yangu umpelekee bosi."

"Nakala ofisini zipo. Mkaidi anaweza kurudi leo leo. Bosi amekataa."

"Basi na wewe mkatalie."

*

Alimkatalia Jumatatu, wiki ya uzinduzi, wakati ambao bosi alikuwa anamhitaji kuliko alivyohitaji usingizi. Na kwa kuwa hakutaka kushinda kwa kuficha, alimweleza yote, hata habari ya breki.

"Kwa hiyo mama yako mwenyewe amesema ni kosa," bosi alisema.

"Amesema."

"Basi angalau hiyo irekebishwe."

"Hiyo sasa ndiyo siigusi kabisa." Gia aliweka kitambulisho chake cha kazi mezani. "Mkaidi anatoka kama alivyokuwa, au anatoka bila mimi, na magari yote utayapangia gia mwenyewe."

Bosi alikisukuma kile kitambulisho kikarudi upande wake. "Wateja wakikimbia, utaeleza wewe."

"Nitaeleza mimi."

Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika tena. Mkaidi aliwekwa kwenye mashine ya mwisho, karibu na choo, bosi akakunja mikono akingoja kuwa sahihi. Na kwa muda alikuwa sahihi. Wa kwanza alizama, akacheka, akaenda kwenye lori jingine. Wa pili alizama, akaupiga usukani kofi. Wa tatu hakumaliza hata kufunga breki, akainuka.

Miwani, akiwa na shati jeusi na fremu za kijani alizozitunza kwa siku hiyo, alikuwa anawashwa. "Niruhusu niwaonyeshe gia ya nyuma. Mmoja tu."

Gia alimshika mkono wa shati. Alikuwa amevaa gauni jekundu, na ile kalamu bado kichwani. "Usimsaidie mtu."

"Wanaondoka, mpenzi."

"Waondoke. Sikumrudisha Mkaidi ili apendwe na kila anayepita hapa. Nimemrudisha kwa sababu ndivyo alivyo."

"Na wakiondoka wote?"

"Watakuwa wameondoka wote. Mimi nipo." Hakuachia mkono wa shati. "Halafu, Miwani. Nataka tuoane."

Miwani alivua miwani, jambo ambalo hakuna mtu alikuwa amewahi kumwona akilifanya hadharani. "Unaniambia hapa, mlangoni pa choo?"

"Ningekuambia popote. Hapa ndipo nilipo."

"Nilijua tangu siku ile," alianza, macho yamelowa, "kwamba mtu anayeunda lori kama hili..."

"Ukinifananisha na lori naghairi."

"Sikufananishi. Nilitaka kusema nilijua nitateseka."

"Utateseka."

"Basi nimekubali. Nimwambie mama au umeshamwambia?"

"Ameniambia yeye. Anasema mtu aliyeshika pedali mpaka magoti yakachubuka asiachwe aende."

Kwenye mashine ya mwisho alikuwa amekaa mama mmoja mwenye nguo za ofisini. Alizama. Honi ikamcheka. Hakucheka wala hakuinuka. Alivua viatu vyake vya visigino, akaviweka kando, akausogeza mkoba chini ya kiti, akaanza upya. Akazama tena. Akaanza upya. Simu yake ililia mkobani na hakuipokea.

Bosi alikuja hadi walipokuwa wamesimama, raba zake zikilia sakafuni. "Umati wote huu," alisema, akielekeza kidevu kwa yule mama, "umepata mmoja tu."

"Na huku pia nimepata mmoja tu," Gia alimjibu, mkono wa shati bado kiganjani mwake, "na sijaomba mwingine."